Kipande cha Mwisho Kiache Ukutani

Hotuba kwa mafundi seremala, wapiga plasta na wenye nyumba, Moshi mjini

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu, mafundi wenzangu, kina mama na kina baba mliotuletea nyumba zenu tuzihangaikie: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na wengine wote habari za asubuhi. Itifaki imezingatiwa.

Nimeambiwa nizungumzie urembo wa nyumba za zamani: skatingi, yaani mbao za chini ya ukuta kando ya sakafu, mbao zinazozunguka fremu za milango na madirisha, mikanda ya kona za dari, fishabodi za ukingo wa paa zilizokatwa maua, na ule urembo wa saruji ulioko juu ya maduka. Nimeambiwa nieleze unavyorudishwa pale ulipooza au kuvunjika, ukafanana na wenzake. Nitaanza na kinachoniudhi.

Mama ana sebule yenye skatingi ya zamani pande zote nne. Upande mmoja bomba limevuja ndani ya ukuta, futi sita zimeoza. Anamwita fundi. Fundi anachuchumaa, anagonga gonga kwa kifundo cha kidole, anakuna kichwa: "Mama, hii haipatikani tena. Tung'oe yote tuweke mpya, ifanane." Mama anakubali, afanyeje? Kazi ya futi sita imekuwa kazi ya chumba kizima, na jioni mbao zilizokaa miaka themanini bila kupinda zinachemshia maharage.

(Kicheko.)

Mnacheka kwa sababu mnajua ni kweli. Huyo fundi hakusema uongo kwamba dukani haipo. Dukani haipo. Ipo ukutani, pande tatu zilizobaki. Kielelezo chako ndicho hicho: kina kipimo, kina umbo, kina aina ya mbao, kina hata jibu la jinsi fundi wa kwanza alivyokigongomea. Kikibaki kipande cha urefu wa mkono mahali pake, naweza kutengeneza cha kufanana nacho hata mita mia. Ukishang'oa na hicho cha mwisho, mimi na wewe tunabahatisha. Nikiondoka hapa leo mkawa mmelishika hilo tu, mengine nitawasamehe.

Miji yetu hii si ya kale kama Bagamoyo au Kilwa, na ndiyo maana watu wanadhani haina cha kutunza. Boma la Arusha lilijengwa mwaka 1900. Reli kutoka Tanga ilifika hapa Moshi mwaka 1911, na Arusha ikafika 1929. Reli ndiyo iliyopandisha bati, vioo, misumari ya kiwandani na mbao zilizoshushwa na meli. Nenda stesheni, nenda mtaa wa Shanty Town kwenye nyumba zenye baraza pana, halafu rudi mjini utembee huku ukitazama juu, siyo chini. Chini ni vibao vya simu na vya vipodozi. Juu yake utaona mikanda ya plasta, nguzo bandia, na mara nyingi mwaka wa kujengwa umeandikwa kwa saruji. Wahindi wenye maduka waliandika mwaka. Wazungu wenye mabangalo hawakuandika, na inabidi tukisie kwa kutazama mbao.

Sasa, urembo huu uliwekwa wa nini? Vijana wengi wanadhani ni mbwembwe. Kwanza una kazi. Mbao na plasta hazikai pamoja kwa amani: masika mbao inavimba, kiangazi inasinyaa, plasta imesimama palepale, kwa hiyo kati yake lazima pawe na ufa. Ile mbao inayozunguka fremu imewekwa kufunika huo ufa. Skatingi inafunika ufa wa sakafu na inapokea mateke na maji ya kudekia ili plasta isiyapokee. Kazi ya pili ni kivuli. Mbao bapa haina kivuli. Ukiichonga bonde hapa, mgongo pale, na kamstari kadogo katikati, mwanga wa dirishani unaanguka na kutoa mistari ya giza na nuru. Jicho la mgeni haliangalii mbao, linaangalia hiyo mistari. Ndiyo maana kipande kipya kinaweza kuwa cha mbao ileile na rangi ileile, na bado mtoto wa darasa la tatu akakuonyesha kwa kidole kilipoanzia.

Kuna jaribio la bure. Usiku, zima taa, washa tochi ya simu, iegemeze ukutani ili mwanga utambae kandokando ya urembo. Pale vivuli vinapokatika au kuruka, ndipo fundi alipodanganya.

Vivuli vinakatika kwa sababu ya umbo, na hapa nawaomba mafundi wenye mashine za ruta, zile za kuchonga kingo za mbao, mnisikilize vizuri. Maumbo haya Ulaya iliyarithi kwa Warumi na Wagiriki. Ya Kirumi unaweza kuyachora kwa bikari: kila mkunjo ni kipande cha duara. Ya Kigiriki hayakubali bikari. Mkunjo unaanza taratibu, unalala, halafu unageuka kwa kasi karibu na mwisho. Visu vingi vya ruta mnavyonunua dukani vimekatwa kwa duara. Ukikutana na nyumba yenye mkunjo uliolala, ukaingiza kisu cha duara kwa sababu "vinakaribiana", kivuli chako kitaangukia mahali pengine. Kwa kipimo tofauti ni milimita mbili, lakini kwa jicho ni nyumba mbili.

Kwa hiyo tunasoma kwanza. Na kusoma kunaanza kwa kuondoa rangi, kwa sababu nyumba ya miaka themanini imevaa makoti sita ya rangi, moja juu ya jingine, na kona zote kali zimezibwa. Ukipima juu ya rangi umepima makoti. Kwangua sehemu ya upana wa kiganja mpaka mbao.

Lakini taratibu. Rangi nyingi za mafuta za zamani zilikuwa na madini ya risasi ndani yake. Usipige msasa mkavu, na usichome kwa moto. Vumbi na moshi wake ni sumu, na kwa mtoto mdogo sumu hiyo inakwenda kwenye ubongo, na ulioharibika haurudi. Lowanisha, kwangua kwa chuma, tandika nailoni chini, kusanya kila ganda, futa kwa kitambaa chenye maji. Watoto wa nyumba hiyo wakacheze kwa jirani siku hiyo. Na wewe fundi usile chapati kabla hujanawa.

Sehemu ikishakuwa safi, wengi wanatumia lile chanuo la sindano linalobonyea kufuata umbo. Linafaa, ila linalainisha kona ndogo. Mimi napenda njia ya wazee. Chukua msumeno wenye meno madogo kabisa. Tafuta mahali pasipoonekana, nyuma ya mlango au patakapokaa kabati. Kata mkato mmoja mwembamba, wima, kuvuka urembo mpaka ufike ukutani. Ndani ya mkato huo chomeka karatasi ngumu. Kadi ya harusi inafaa sana, na sidhani kama hapa Moshi kuna nyumba iliyopungukiwa kadi za harusi.

(Kicheko, na sauti: "Na michango hatujamaliza!")

Kadi ikishasimama ndani ya mkato, pitisha penseli iliyochongwa vizuri kufuata ukingo wa mbao. Chomoa. Umeshika mkononi umbo kamili la urembo huo, kwa unene wake na kona zake zote. Mkato unauziba kwa puti, unapaka rangi, hata mwenye nyumba hataupata. Fanya hivyo sehemu mbili, maana urembo uliorandwa kwa mkono haulingani kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukitaka kujua kama ulirandwa kwa mkono au mashine, tochi ileile: mashine inaacha mawimbi madogo yenye nafasi sawa, mkono unaacha mabonde marefu yasiyo na mpangilio.

Halafu unene. Hili linawaangusha wengi. Urembo wa zamani ukiupima, mara nyingi unakuta inchi moja kasoro moja ya nane. Mbao ya inchi moja ya leo ukiipitisha kwenye mashine ya kuranda pande zote mbili inabaki robo tatu, ikijitahidi. Hiyo moja ya nane iliyopungua ni kama milimita tatu, na penye maungio inatoa ngazi. Usiiweke ukategemea puti. Nunua mbao ya inchi moja na nusu uishushe, au weka kibao chembamba nyuma ya kile kipya mpaka nyuso zilingane. Hakuna siri nyingine.

Aina ya mbao: geuza kipande kilichong'oka, piga randa mara mbili upande wa nyuma ambao haujawahi kupakwa rangi. Ikiwa ya manjano hafifu, laini, nyuzi zimenyooka, haina harufu ya utomvu, huenda ni podo. Ikikurudishia harufu ya kamfa, ni mkulo, mti wa msitu wetu wa mlimani. Nzito yenye mafuta kidogo mkononi, fikiria msaji. Mvule unajitambulisha wenyewe kwa kuua makali ya randa yako, kwa sababu ndani yake mna vijiwe.

Mkulo usiniulize unapatikana wapi mpya. Msitu wa asili wa Kilimanjaro uliingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, na anayekuletea mkulo mbichi usiku, wewe na yeye mtalala pamoja polisi. Lakini nyumba zinabomolewa kila mwezi. Nyuma ya makabati ya zamani, rafu za stoo, mbao za dari: nenda kabla ya wenye mkaa. Kama urembo utapakwa rangi, saipresi ya mashamba ya West Kilimanjaro iliyokauka sawasawa inatosha. Paini ya Sao Hill pia, ila itie dawa ya mchwa, na usiipeleke pale bomba lilipovuja kabla ya bomba kutengenezwa. Kama urembo utabaki na vanishi, hapo hakuna ujanja, mninga uende kwa mninga, na nyuzi zielekee kulekule.

Na ikauke. Wazee walikuwa na hesabu yao: inchi moja ya unene, mwaka mmoja kivulini. Mbao uliyoinunua Jumamosi ikiwa inatoa maji, ukaigongomea Jumatatu, itasinyaa ikiwa ukutani, na ule ufa uliotakiwa kufunikwa utatokea kwa juu, mbele ya macho ya aliyekulipa.

Kuna mbinu moja ambayo naipenda kuliko zote, na haihitaji mashine. Nyumba ina sebule, na ina stoo. Fundi wa zamani aliweka urembo uleule kote. Toa kipande kizima cha stoo ukilete sebuleni, halafu hicho kipya ulichotengeneza ukiweke stoo, nyuma ya magunia. Wageni hawaingii stoo. Kuna nyumba Shanty Town tuliifanya hivyo, na mwenye nyumba mwenyewe alipokuja kukagua alizunguka sebule nzima akitafuta kipande kipya.

Tuje kwenye kuchonga. Ukihitaji mita arobaini, peleka umbo lako kwenye karakana yenye mashine, wakutengenezee kisu. Gharama ya kisu itagawanyika. Ukihitaji futi sita, kisu cha mashine ni hasara. Hapo tengeneza kikwaruzo. Kata kipande cha msumeno wa mkono uliozeeka. Chuma chake ni kizuri. Bandika ile kadi yako, chora umbo kinyume, yaani palipo na mgongo kwenye mbao pawe na bonde kwenye chuma. Bana kwenye jiliwa, tumia tupa ya duara na tupa bapa, na ukingo uubakize mraba kabisa, usiuchonge kama patasi. Kibane kati ya vibao viwili vyenye bega la kutembelea ukingo wa mbao. Kwanza toa nyama kubwa kwa randa au ruta. Kisha anza kukwaruza kwa wepesi, umekiinamisha kidogo kuelekea unakokwenda, uanzie mwisho wa mbao urudi nyuma kidogo kidogo. Mninga unatii. Mvule unatii lakini utanoa mara nyingi. Paini inachanika ukiwa na pupa.

(Sauti kutoka nyuma: "Fundi, mteja anataka leo! Hizo tupa na kadi nani atalipia?")

Swali zuri, kijana wangu, na sijalikwepa. Chukua chumba cha mita kumi na sita za skatingi, zimeoza mbili. Ukibadilisha zote unanunua mbao za mita kumi na sita, unaranda, unabomoa plasta iliyokuwa imeshikana na zile za zamani, unaziba plasta, unapaka rangi chumba kizima. Ukirudishia mbili, unatumia siku moja kwenye kikwaruzo na mbao kidogo ya kubeba mkononi. Tofauti ni kwamba kwenye kazi ya kwanza hela inakwenda dukani, kwenye ya pili inakuja kwako. Tatizo letu mafundi tunaona aibu kumtoza mtu ujuzi, tunatoza vifaa tu. Mwandikie mteja bei ya kielelezo peke yake: futi moja iliyochongwa na kupakwa rangi, iwekwe kando ya ile ya zamani aione kwa tochi. Akiikubali, endelea. Akiikataa, amelipia futi moja na ukuta wake bado una kila kitu.

Mambo ya kung'oa na kuunga nitayapitia haraka. Ukilazimika kutoa kipande kizima, misumari usiipige kurudi usoni, utapasua uso. Ng'oa kipande chote taratibu kwa vyuma bapa viwili, kisha geuza, shika msumari kwa koleo upande wa nyuma, uuvute upite ndani ya mbao. Uso unabaki na tundu lilelile dogo. Palipooza pakate mlalo wa nyuzi 45, siyo wima, ili kipya kikae juu ya cha zamani kwa gundi, na mbao ikisinyaa usione ufa mweusi. Kwenye kona za ndani usikate nyuzi 45 kila upande. Kona za nyumba hizi si mraba, na zingekuwa mraba zamani, leo si mraba. Acha kipande kimoja kiende moja kwa moja hadi ukutani, cha pili kikate kwa msumeno wa waya kufuata umbo, kivae juu ya mwenzake. Nyumba ikicheza, maungio hayafunguki.

Wapiga plasta nao niwaguse. Ule urembo wa mbele ya maduka haukuchongwa, uliburutwa. Bati linakatwa umbo, linapigiliwa kwenye kibao, kibao kinatembea juu ya reli ya mbao iliyobanwa ukutani, na plasta inaongezwa mikupuo kadhaa mpaka bati likwangue pande zote. Ile kadi ya harusi inafanya kazi hapa pia, ila panapovunjika penyewe mara nyingi pameshakupa umbo bila msumeno. Kitu kimoja tu: kwaruza plasta ya zamani kwa msumari. Ikimomonyoka kirahisi, ni ya chokaa, usiibandikie saruji kali. Saruji itakuwa ngumu kuliko kilicho nyuma yake, maji yatanasa katikati, na masika mbili baadaye kipande chote kinashuka barabarani. Rudishia kwa chokaa.

Mwisho kuna suala ambalo wataalamu wa malikale tunabishana nalo. Mwaka 1964 mkataba wa kimataifa wa Venice kuhusu kuhifadhi majengo ya kale uliweka kanuni kwamba sehemu mpya ipatane na jengo zima, lakini pia itambulike kuwa ni mpya, tusije tukaghushi historia. Mwaka huohuo nchi yetu ilipata Sheria ya Mambo ya Kale, ambayo pamoja na mengine inalinda milango na fremu za mbao zilizochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1940. Mwenye mlango wa nakshi wa aina hiyo asinipigie simu mimi kwanza, aende kwenye Idara ya Mambo ya Kale.

Kwa skatingi ya bangalo lisilolindwa na sheria yoyote, mimi sikubali kwamba lazima kipande kipya kionekane tofauti usoni. Mama anaishi mle, siyo makumbusho. Lakini ukweli lazima uandikwe mahali. Kabla ya kugongomea, geuza kipande, andika kwa penseli mwaka, aina ya mbao na jina lako, na upake vanishi juu ya maandishi. Penseli haififii nyuma ya mbao. Kile kikwaruzo nacho, pamoja na kadi yake, vifunge kwenye mfuko umwachie mwenye nyumba, avitundike stoo. Bomba litavuja tena, na atakayeitwa huenda asiwe wewe.

Vipande vya chuma, tupa na mbao za mninga viko meza ya nyuma, vinatosha watu wawili wawili. Wenye nyumba, chai iko tayari barazani. Mafundi, vueni makoti tubaki humu mpaka kila mtu awe na kikwaruzo chake.